Hofu Utakayoweza Kulala Nayo

Fomu ya kuchagua idara katika ofisi yetu ya mawakili ilikuwa na mistari mitatu: chaguo la kwanza, la pili na la tatu. Nilijaza mstari wa kwanza, nikaiacha miwili iliyobaki mitupu. Kesi. Sikuona haja ya chaguo la pili. Tangu siku niliposimama kwenye mashindano ya mahakama ya mfano chuoni, nikamjibu jaji swali lililomshinda mwenzangu wa upande wa pili, nilikuwa nimeshajiona ndani ya joho, mbele ya mahakama iliyojaa, nikianza na "Mheshimiwa Jaji, kwa heshima na taadhima". Wakili asiyesimama mahakamani sikumhesabu kuwa wakili kamili.

Ofisi ilitupitisha kwenye idara kwa zamu kabla ya kututaka tuchague. Utaratibu huo ni wa zamani. Uingereza, mkataba wa mafunzo wa mawakili wa ofisini kwa desturi ni wa miaka miwili, na mara nyingi hugawanywa katika "viti" vinne vya takriban miezi sita kila kimoja. New York, Paul Cravath, aliyejiunga mwaka 1899 na ofisi ambayo baadaye ilikuja kubeba jina lake, alijenga mfumo wa kuwachukua vijana moja kwa moja kutoka vyuoni na kuwaweka kwa zamu chini ya wakili mmoja mwandamizi baada ya mwingine. Nia ni kwamba mtu asichague asichokijua. Mimi nilikaa mikopo, nikakaa ununuzi wa makampuni, nikakaa kesi, na nikatoka na jibu lile lile nililoingia nalo. Nilikuwa nimepita. Sikuwa nimetazama.

Aliyeongoza idara ya mikopo alikuwa mama mmoja mwenye miaka zaidi ya ishirini katika kazi. Sote tulimwita Mama, na yeye alituita wanangu, lakini ukimpelekea rasimu yenye kifungu kinachorejea kifungu kisichokuwepo, ulijua siku hiyo wewe ni wakili na si mwana. Aliniita ofisini kwake fomu ikiwa mkononi.

"Kaa. Nieleze kosa baya kuliko yote unaloweza kulifanya kwenye kesi."

"Kushindwa kesi, Mama."

"Kushindwa si kosa. Kila kesi lazima iwe na aliyeshindwa. Nimekuuliza kosa."

Nikanyamaza. Akanisubiri, kisha akanisimulia jambo ambalo kila wakili wa mikopo analijua, nami nilikuwa sijawahi kulisikia. Oktoba 2008, General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, ilikuwa inamaliza kulipa deni la takriban dola milioni 300, lililokuwa limepangwa kwa umbo la ukodishaji wa majengo. Deni likilipwa, dhamana yake huondolewa kwenye rejista. Wakili kijana katika ofisi iliyoiwakilisha kampuni hiyo aliomba itafutwe orodha ya dhamana zilizosajiliwa. Orodha ikarudi na dhamana tatu. Mbili zilihusu deni hilo. Ya tatu ilikuwa ya mkopo mwingine kabisa, wa dola bilioni 1.5, uliokuwa chini ya usimamizi wa benki ya JPMorgan. Hati za kuondoa dhamana zikaandaliwa kwa zote tatu, zikasomwa na mawakili wa pande zote mbili, na hakuna aliyeliona kosa hilo. Zikasajiliwa. Mwaka uliofuata General Motors ikaingia kwenye ufilisi, na wadai wengine wakasema mkopo ule hauna dhamana. Januari 2015 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikakubaliana nao. Benki iliidhinisha hati ile isajiliwe, basi. Kwamba haikukusudia matokeo yake hakukuiokoa.

"Hilo ndilo kosa la chumba hiki," Mama akasema. "Mstari mmoja kwenye orodha, na watu wazima kumi wameusoma. Mimi nimeishi nalo miaka yote hii na nalala. Ninahakiki, nahakiki tena, kisha nalala. Wewe kosa la chumba unachokitaka hulijui bado. Fomu haina haraka."

Niliirudisha siku hiyo hiyo jinsi ilivyokuwa.

Kosa la chumba cha kesi nililijua ndani ya miezi mitatu, nalo ni tarehe. Mashahidi wanaogeuka na hoja zinazopwaya zina nafasi yake, lakini jambo la msingi ni kwamba haki ya mteja ina siku yake ya kufa, na siku hiyo imeandikwa kwenye sheria. Ukiwasilisha rufaa kesho yake, unaweza kuwa na hoja bora kuliko zote na isisikilizwe. Kuna maombi ya kuongezewa muda, ndiyo, na kuna majaji wenye huruma, lakini utalazimika kuapa kiapo kueleza kwa nini ulichelewa, na kiapo hicho kitasomwa na mteja wako.

Niliamka usiku kuhesabu siku kwa vidole. Siku ya hukumu inahesabiwa, au hesabu inaanza kesho yake? Siku ya mwisho ikiangukia sikukuu, inasogea mbele au nilipaswa kuwasilisha kabla? Nilikuwa naijua sheria. Ningekuandikia majibu yote mawili na vifungu vyake. Bado niliamka. Mwenzangu niliyekaa naye meza moja alikuwa na tarehe nyingi kuliko mimi, na akifika nyumbani alizisahau hadi asubuhi, kwa sababu alikuwa ameziandika mahali pawili na aliuamini mwandiko wake. Hatukupishana kwa akili wala bidii. Tarehe kwake ilikuwa kazi. Kwangu ilikuwa mnyama mlangoni.

Tena kulikuwa na jambo ambalo mashindano ya chuo hayakunionyesha: kusimama ni sehemu ndogo sana. Miezi minne ya kwanza niliandaa mfuatano wa matukio wa kesi moja: nani alimwandikia nani barua, lini, na nani alijibu nini. Niliandaa viapo, nikafuatilia viambatisho, nikapanga nyaraka kwa namba. Siku yangu ya kwanza kusimama mbele ya jaji niliomba shauri liahirishwe, upande wa pili haukupinga, na nilikaa chini kabla ya dakika mbili kuisha. Wako watu ambao kazi ile ya kuchambua nyaraka ndiyo furaha yao; wanaiona kama kufukua kisima, na siku wanapoikuta barua inayomtoa shahidi kwenye uongo wake wanang'aa uso wiki nzima. Hao wanastahili chumba kile. Mimi nilikuwa nimependa makofi.

Ndiyo maana leo siwaulizi mawakili chipukizi wanapenda somo gani. Somo ulilolipata vizuri chuoni linakuambia jinsi ulivyosoma, na pengine jinsi mwalimu wake alivyofundisha. Nawauliza juu ya kosa.

Ununuzi wa makampuni una kosa la kimya. Unapewa mikataba mia mbili ya kampuni inayonunuliwa, uisome na kutoa taarifa. Ndani ya mmojawapo, ukurasa wa arobaini, kuna kifungu kinachompa muuzaji wa malighafi haki ya kuvunja mkataba iwapo kampuni itabadili mmiliki. Ukikiruka, hakuna kitakachotokea siku hiyo. Mikataba itasainiwa, watu watapeana mikono, utapongezwa kwa barua pepe iliyotumwa kwa ofisi nzima. Mwaka mmoja baadaye, au mitatu, muuzaji yule ataandika barua. Anayeichagua idara hii lazima aweze kumaliza jambo na kuliacha, huku akijua kwamba hakimu wa kazi yake bado yuko njiani na huenda asifike kamwe. Saa zake nazo ni za mawimbi: wiki mbili za kawaida, kisha siku nne ambazo hujui kama nje ni asubuhi au jioni. Nimeona watu wanaosema hawawezi kazi ya mawimbi, kumbe wanaiweza. Wasichokiweza ni ule ukimya wa baadaye.

Kodi ni kosa la kusoma vibaya, na kosa hilo huja na tarakimu. Ajira ni tofauti na zote nilizozitaja, kwa sababu ukikosea kuna mtu mmoja mwenye jina na sura ambaye amepoteza kazi kwa utaratibu mbovu ulioushauri wewe, au mwajiri mdogo atakayelipa fidia asiyoimudu. Rafiki yangu aliyekuwa hodari kuliko sisi sote alidumu miezi minane tu kwenye ajira. Alikuwa anawabeba wateja wote hadi nyumbani. Alihamia milki bunifu, anasajili alama za biashara na kupinga zinazofanana nazo, na anaipenda kazi yake kwa namna ambayo sijawahi kumwona akipenda kitu tangu tufahamiane. Hakukimbia. Aliusoma moyo wake sawasawa.

Najua pingamizi linalokuja, kwa sababu nami nililisikia kutoka kwa kila mtu mzima aliyenitakia mema: angalia soko, chagua idara itakayokuwa na kazi. Ushauri huu unatoka kwa watu wanaotupenda, na una ukweli ndani yake. Idara isiyo na kazi haikufundishi kitu. Lakini mtazame wakili Joe Flom. Alijiunga na Skadden, ofisi ya mawakili ya New York, mwaka 1948, ofisi ndiyo inaanza. Kwa miaka mingi ofisi kubwa za New York ziliona kazi ya kuwania kura za wanahisa na kuteka makampuni bila ridhaa ya bodi zake kuwa kazi isiyo ya heshima. Ofisi hizo hizo ziliwafungia mlango mawakili wengi wa Kiyahudi, Flom akiwa wa kizazi hicho. Kazi waliyoikataa ikaenda kwake na kwa wenzake. Mwaka 1974 INCO, kampuni kubwa ya nikeli ya Kanada, ilipoiteka ESB, kampuni ya betri ya Marekani, huku benki ya heshima kama Morgan Stanley ikiwa upande wake, mambo yakageuka: kila mtu akaitaka kazi ile, na waliokuwa wanaijua walikuwa wachache. Flom hakuwa amekisia soko la miaka ya sabini. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na zaidi wakati haina heshima.

Au chukua kanuni za Umoja wa Ulaya za kulinda data binafsi, zilizoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Miaka michache kabla ya hapo, aliyekuwa anashughulika na data binafsi alionekana amejificha kwenye kona. Chukua LIBOR, kiwango cha riba kilichokuwa ndani ya mikataba isiyohesabika ya mikopo duniani: kiliposimamishwa, kwa sarafu nyingi mwishoni mwa 2021, mawakili wa mikopo walipata kazi ya miaka kadhaa ya kubadili vifungu ambavyo hakuna aliyewahi kuvifikiria mara mbili. Upande wa pili, kazi ile ya kusoma nyaraka kwa macho iliyokula miezi yangu minne ilikuwa imeshaanza kuhamia kwenye mashine: mwaka 2012 hakimu Andrew Peck wa New York aliidhinisha programu ya kompyuta itumike kuchuja nyaraka za kesi. Soko linageuka na wakili kijana hana dira yake. Anachoweza ni kuwa mahali ambapo atadumu hadi soko lije au lirudi, na mtu hadumu mahali asipolala.

Kuna jambo moja ninaloliweka karibu sawa na kosa, nalo ni mtu atakayesahihisha rasimu zako. Kwenye kesi nilikuwa chini ya wakili mwenye jina kubwa. Nilimpelekea rasimu, akaziandika upya zote, akaziwasilisha, na mimi nikaona nakala ya mwisho kama anavyoiona karani wa mahakama. Kwa miaka miwili sikujua kama nilikuwa nakosea hoja, lugha au mpangilio. Alikuwa mstaarabu, hakuwahi kunipandishia sauti, na sina shaka aliona ananipunguzia mzigo. Mama kwa upande wake alirudisha kila karatasi ikiwa imejaa wino mwekundu, na pembeni ameandika sababu. Miezi sita chini yake ilinifundisha kuandika kuliko miaka miwili iliyofuata. Ukiwa kwenye zamu, omba uone rasimu zilizosahihishwa za mtu aliyekutangulia miaka miwili. Kama hana hata moja, umeshapata jibu.

Na unapouliza watu, usimuulize mkuu wa idara. Atakueleza idara anayoipenda, na ameipenda kwa haki. Muulize mwenye miaka mitatu, na usimuulize kama anafurahia. Muulize Jumanne iliyopita alifanya nini kuanzia asubuhi. Tunaandika muda wetu kwa vipande vya dakika sita, kwa hiyo anajua. Sikiliza anapoharakisha na anapochelewa katika kusimulia. Anayechelewa kwenye kifungu fulani, akakieleza zaidi ya ulivyouliza, huyo yuko mahali pake.

Mimi nilihama mwaka wa tatu. Mteja wetu wa kesi moja ya mkataba alifilisika katikati ya shauri, na kwa kuwa ni mimi niliyeyajua majalada, nilipelekwa idara ya ufilisi kwa wiki mbili kuwasaidia. Niliomba zisiwe mbili. Gharama ilikuwepo na siifichi: nilirudishwa nyuma mwaka mzima kwenye ngazi, nikakaa na watu niliowatangulia kuapishwa, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nauliza maswali ambayo wao walishayasahau. Wazazi wangu waliona nimeshushwa. Nisingeshauri mtu asubiri hadi mwaka wa sita kufanya hivyo. Kadiri unavyopanda, ndivyo ofisi inavyokuuza kwa wateja kwa jina la kazi moja, na kuhama kunakuwa kuanza upya kabisa.

Kosa la ufilisi ni la mgawanyo. Pesa hazitoshi, hilo linajulikana tangu siku ya kwanza. Sheria inapanga nani anywe kwanza, nani baadaye, na nani akute mtungi mkavu. Ukikosea mpangilio, umempa mtu fedha ya mwingine. Ni kosa zito, lakini liko mbele ya macho. Linakaa kwenye jedwali, jedwali linapelekwa kwa wadai, wadai wana mawakili wenye njaa ya kukuonyesha ulipokosea, na mara nyingi yote hayo hutokea kabla senti haijatoka. Mwenzangu wa kesi aliniambia asingevumilia kazi ambayo kila mtu chumbani ana hasira na wewe. Mimi hasira hainisumbui. Kinachonisumbua ni kosa lililojificha, na hapa kuna watu hamsini wanaolitafuta pamoja nami.

Tena ni kazi yenye kina kuliko watu wanavyodhani. Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya Marekani, ilipoomba ulinzi wa mahakama tarehe 15 Septemba 2008, wengi waliitangaza kuwa kaburi. Kampuni yake ya London iliwekwa chini ya wasimamizi siku hiyo hiyo, nao wakakusanya na kudai na kuuza kwa miaka, hadi wadai wa kawaida wakalipwa madai yao yote na mabilioni ya pauni yakabaki. Ziada ile ndiyo iliyozua maswali ambayo sheria ilikuwa haijawahi kulazimika kuyajibu: riba ya miaka ile yote ni ya nani, na aliyekubali kulipwa mwisho anakuja kabla au baada ya riba hiyo? Mfululizo wa kesi uliofuata uliitwa Maporomoko, kwa jinsi fedha zinavyoshuka kutoka ngazi hadi ngazi, na mojawapo ya kesi hizo iliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2017. Nilizisoma hukumu zile usiku, bila mtu kuniagiza. Hapo nilijua.

Kama fomu yako inatakiwa wiki hii na hukupata nafasi ya kuzunguka vya kutosha, omba jambo moja kwa idara unayoifikiria: jalada lililofungwa. Lisiwe maarufu, liwe la kawaida, lililokwisha miaka mitatu au minne iliyopita. Lisome kuanzia barua ya kwanza ya mteja hadi karatasi ya mwisho, pamoja na maandishi ya kalamu ya risasi na risiti. Hukumu na mkataba uliosainiwa huonyesha kazi ikiwa imevaa nguo za sikukuu. Jalada linaonyesha siku zake zote, na mahali fulani katikati utakuta ukurasa ambapo mtu aliogopa: barua iliyoandikwa mara tatu, simu iliyopigwa saa tano usiku, hesabu iliyorudiwa pembeni. Tazama mwili wako unafanya nini ukifika hapo.

La kwanza nililopewa kwenye ufilisi lilikuwa la karakana ndogo ya useremala. Halikuwa na hoja yoyote ya kisheria ya kusimulia. Nililisoma Jumamosi nzima. Mwishoni kulikuwa na jedwali la malipo, na kundi la juu, kabla ya wadai wengine wa kawaida, lilikuwa la wafanyakazi waliokuwa wanadai mishahara. Mfilisi alikuwa amekosea hesabu ya mmoja wao, fundi, kwa siku nne. Mtu fulani katika idara, mwandiko wake siujui hadi leo, alikuwa ameliona, akazungushia duara, akaandika siku nne pembeni kwa kalamu ya risasi, na chini yake kulikuwa na jedwali jipya lenye kiasi kilichosahihishwa na saini ya fundi kwamba amepokea.